Uzi: Albamu za pop za Uswidi zilizopigwa msasa, na ukomavu ninaousikia ndani yake

Mwanzisha uzi

Wadau, salaam kwenu nyote.

Kuna albamu moja ya mwaka 2003 ambayo nimekuwa nikiirudia kwa miaka mingi, na kila ninapoirudia nakuta ina jambo ambalo sikulisikia nilipokuwa na umri mdogo zaidi. Inaitwa Long Gone Before Daylight, na ni kazi ya bendi ya The Cardigans kutoka Uswidi. Wengi wetu tuliijua bendi hiyo kwa wimbo mmoja tu, Lovefool, ulioenea duniani mwaka 1996 baada ya kutumiwa katika filamu ya Romeo + Juliet, na kwa sababu hiyo watu wengi waliitia katika fungu la bendi za wimbo mmoja, wakaacha kufuatilia. Hukumu hiyo naiona kuwa dhuluma, kwa kuwa kazi bora ya bendi ilikuja baadaye, wakati ambapo waliokuwa wakisikiliza walikuwa wamebaki wachache.

Jambo ninalotaka kulitetea katika uzi huu ni kwamba msasa uliopigwa kwenye albamu za namna hii ni adabu ya kusema maumivu. Mtu anazungumza kwa sauti ya chini, anayapanga maneno yake, anamwachia msikilizaji nafasi ya kukaa na kutafakari, na kwa kufanya hivyo uchungu wake unafika mbali zaidi kuliko ambavyo ungefika kwa kupiga kelele. Uswidi imetoa albamu nyingi za aina hiyo, hasa katika ule upande wa pop huru, yaani muziki wa bendi zinazojitegemea na kutoa kazi zao kupitia lebo ndogo. The Cardigans wenyewe walikuja kuwa wakubwa kuliko duara hilo, lakini walitokea humo, na tabia ya humo hawakuiacha.

Nianze na walikotoka. Bendi iliundwa mwaka 1992 huko Jönköping, mji ulio kwenye ncha ya kusini ya ziwa Vättern. Peter Svensson, aliyepiga gitaa na kutunga sehemu kubwa ya muziki, pamoja na Magnus Sveningsson wa besi, walikuwa wametoka katika muziki wa metali nzito, na hiyo ndiyo sababu albamu zao za mwanzo zina nyimbo za Black Sabbath zilizoimbwa upya kwa upole wa kushangaza. Albamu hizo, Emmerdale ya 1994 na Life ya 1995, walizirekodi Malmö katika Tambourine Studios chini ya mtayarishaji Tore Johansson. Studio hiyo ilianzishwa na Johansson pamoja na wanabendi wa Eggstone, na ilijipatia jina kwa kupenda vyombo na mitambo ya zamani wakati studio nyingine zilikuwa zikikimbilia vipya. Ngoma zake ni kavu na ziko karibu na sikio, besi ni ya duara na yenye joto, na vyombo vya kupuliza huingia kwa kipimo kisha vikaondoka. Wasikilizaji wa Japani waliipenda sauti hiyo mapema sana, na bendi ya Saint Etienne ya Uingereza ilisafiri hadi Malmö kuitafuta kwa ajili ya albamu yao ya 1998.

Hata hivyo, ule ulikuwa bado msasa wa vijana. Walikuwa wanang'arisha kwa sababu kung'arisha kuliwafurahisha. Mwaka 1998 wakaja na Gran Turismo, albamu ya baridi yenye sauti za kompyuta na gitaa lililobanwa, kisha wakapumzika kwa muda mrefu. Katika mapumziko hayo mwimbaji wao, Nina Persson, alitoa mwaka 2001 albamu ya mradi wake wa A Camp, ambayo sehemu kubwa yake aliitayarisha pamoja na Mark Linkous wa Sparklehorse, na nyimbo zake zilikuwa na harufu ya muziki wa kantri wa Marekani. Ukiisikiliza leo utaona kwamba mlango ulifunguliwa hapo.

Bendi iliporudi mwaka 2003, kila kitu kilikuwa kimepungua mwendo. Per Sunding wa Eggstone ndiye aliyekuwa mtayarishaji. Gitaa lisilo la umeme liko mbele, piano iko pembeni, na kuna sekunde nyingi ambamo hakuna chombo kinachojaribu kukuvutia. Wimbo wa kwanza, Communication, unaanza kwa mtu anayeeleza kwamba kwa miaka 27 amekuwa akijaribu kuwaamini watu mbalimbali aliokutana nao. Tafadhali ifikirieni hatua hiyo. Muziki wa pop, ambao kwa kawaida huuficha umri, hapa unautaja katika mstari wa kwanza kabisa, tena unautaja kama hesabu ya majaribio. Na sauti ya Persson haipandi. Anaimba kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza, ambaye ameshalia siku nyingine na leo amekuja kueleza tu.

Kuna wimbo mwingine humo, And Then You Kissed Me, unaozungumzia mapenzi yaliyochanganyika na kipigo. Melodia yake ni nzuri kiasi kwamba mtu asiyeyafuata maneno anaweza kuupiga harusini, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Anayeishi ndani ya nyumba ya namna hiyo naye huonekana na majirani kuwa mtu mwenye raha. Kama wangeuwekea gitaa la kukwaruza na ngoma za hasira, wangetuambia tangu mwanzo tuhisi nini. Kwa kuupiga msasa, wamemwacha msikilizaji aufikie ukweli kwa miguu yake mwenyewe, na akiufikia hawezi tena kuusahau. Walikuwa na jambo zaidi la kusema, kwa maana katika albamu iliyofuata, Super Extra Gravity ya 2005, waliandika sehemu ya pili ya wimbo huo.

Jambo la lugha nalo linanigusa sana. Persson anaandika kwa Kiingereza, lugha ambayo Waswidi hujifunza shuleni. Sisi ambao kwa siku moja tunapita katika lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza tunaijua hali hiyo: lugha uliyofundishwa darasani huwezi kuitumia ovyo kama ile uliyokua nayo, kwa hiyo unachagua neno, unalipima, na mara nyingi unachukua lile la kawaida kwa sababu unalijua uzito wake. Bendi nyingi za pop huru za Uswidi zinaandika hivyo. Sentensi ni fupi, maneno ni ya kila siku, lakini yamewekwa mahali ambapo mzungumzaji mzawa asingeyaweka, na ule ugeni mdogo unayafanya yang'ae upya. Kuna wanaouita udhaifu. Kwangu mimi ni moja ya sababu kuu za uzuri wa albamu hizi.

Watu wakiulizwa kwa nini nchi yenye watu wapatao milioni 10 inatoa muziki mwingi kiasi hiki, jibu la haraka huwa ni baridi na giza la majira ya kipupwe. Jibu hilo silikubali, kwa kuwa zipo nchi nyingine zenye baridi na giza kama hilo ambazo hazikutoa mavuno kama haya. Ninaona sababu zilizo karibu zaidi na mikono ya watu. Tangu miaka ya 1940 manispaa za Uswidi zilianza kuendesha shule za muziki ambamo mtoto wa kawaida anajifunza chombo kwa gharama ndogo, na vyama vya elimu ya watu wazima vinazipa bendi changa vyumba vya mazoezi kwa kuzihesabu kuwa vikundi vya kujifunza. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 16 anayetaka kuunda bendi anakuta mwenzake anayejua kusoma nota za fidla, mwingine anayejua tarumbeta, na chumba chenye joto cha kukutania. Ule mpangilio nadhifu wa vyombo tunaousikia kwenye albamu umeanzia hapo, muda mrefu kabla ya studio.

Ninasimama hapa kwa sasa. Nitaendelea kesho na lebo ya Labrador pamoja na mji wa Göteborg.

Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nimekusoma kwa makini na nakushukuru, lakini nina pingamizi ambalo ningependa ulijibu. Uswidi ndiyo nchi ya Max Martin, yule mtunzi wa nyimbo za pop, na ndiyo nchi ya nyimbo zinazokatwa kwa rula ili zipendwe na kila redio duniani. Huyo Peter Svensson unayemsifu alikuja kuwa mmoja wa waandishi wa Can't Feel My Face ya The Weeknd mwaka 2015, pamoja na Max Martin huyohuyo. Je, huoni kwamba unachokiita ukomavu ni ufundi wa kiwandani uliovishwa nguo za huzuni? Mimi nikisikiliza muziki uliosafishwa sana, moyo wangu unabaki nje ya mlango.

Mwanzisha uzi

Mkuu, pingamizi lako ni la haki, na sitalikwepa.

Mzizi kweli ni mmoja. Max Martin mwenyewe ni zao la shule hizohizo za muziki za manispaa, na amewahi kuzishukuru hadharani. Ufundi wa kujua mahali ambapo kiitikio kinapaswa kuingia, na wa kuondoa kila noti isiyo na kazi, ni uleule. Tofauti ninayoisikia iko katika kile ambacho ufundi huo unatumikia. Wimbo wa redio umejengwa ili ukushike katika sekunde za mwanzo na usikuachie, kwa hiyo kila kitu ndani yake kinasukuma kuelekea kiitikio. Long Gone Before Daylight ina nyimbo 11, na kadhaa kati yake zinafika mahali ambapo mlipuko ungetarajiwa, kisha zinakataa kulipuka. Fundi anayeweza kulipua akaamua kutolipua anafanya uamuzi wa kimaadili ndani ya muziki. Mtu asiye na ufundi hana uwezo wa kuufanya uamuzi huo.

Tena si kila msasa ni wa usafi wa kioo. Wasikilize The Radio Dept., bendi iliyotokea Lund na kutoa albamu zake nyingi kupitia Labrador, lebo ndogo ya Stockholm. Albamu yao ya kwanza, Lesser Matters ya 2003, imejaa ukungu wa kanda na gitaa linalotoa vumbi, na sauti ya Johan Duncanson iko chini kiasi kwamba unalazimika kuinama ili uisikie. Walipofika Clinging to a Scheme mwaka 2010, miaka minne baada ya ile iliyotangulia, ukungu ulikuwa bado upo, lakini sasa kila tone lake lilikuwa limewekwa mahali pake kwa makusudi. Hapo nilielewa kwamba msasa ni kujua kwa hakika kila sauti inafanya nini, hata kama sauti yenyewe ni mkwaruzo wa kanda. Usidhani pia kwamba upole wao ni wa watu wasiojali dunia. Wimbo wa Heaven's on Fire kwenye albamu hiyo unafunguliwa kwa sauti iliyorekodiwa ya Thurston Moore wa Sonic Youth akilaumu jinsi ubepari unavyouharibu utamaduni wa vijana, na Running Out of Love ya 2016 inazungumza waziwazi kuhusu biashara ya silaha ya Uswidi na kupanda kwa siasa za mrengo wa kulia, yote kwa midundo laini ya kuchezeka.

Kuhusu moyo wako kubaki nje ya mlango, nakuomba jambo moja tu: usizisikilize albamu hizi kwa wimbo mmojammoja katikati ya orodha ya nyimbo za wengine. Utulivu wake hupotea ukizungukwa na makelele, kama chakula chenye viungo vichache kinacholiwa baada ya achari kali.

Mchangiaji mwingine

Naomba kuongeza jina ambalo sijaliona. Club 8, yaani Karolina Komstedt na Johan Angergård, ndio wawili ninaowapenda kuliko wote, na Angergård huyo ndiye anayeendesha Labrador, mbali na kuwa katika Acid House Kings na The Legends. Kwa sisi wasikilizaji wa Afrika ni muhimu kusema kwamba The People's Record, albamu yao ya 2010 iliyotayarishwa na Jari Haapalainen, ilijengwa juu ya midundo waliyoipenda katika muziki wa Afrika Magharibi wa miaka ya 1970. Ningependa kujua maoni ya mwanzisha uzi kuhusu albamu hiyo.

Mwanzisha uzi

Ahsante sana kwa kulitaja hilo, maana bila Club 8 uzi huu ungekuwa na pengo kubwa.

Nitasema ninavyoamini. The People's Record naiheshimu zaidi ya ninavyoipenda. Nafurahi kwamba watu wa Stockholm walisikiliza santuri za Afrika Magharibi kwa bidii kiasi cha kutaka kubadilisha mwendo wao wenyewe, na sauti ya Komstedt, ambayo kwa kawaida ni maji matulivu, inapata mwanga mpya inapopandishwa juu ya ngoma zenye haraka. Lakini sikio lililolelewa na gitaa za dansi linajua kwamba gitaa mbili zinazojibizana ni mazungumzo yanayohitaji muda ili yakolee, na nyimbo za pop zilizobanwa katika dakika chache haziupi mjadala huo nafasi ya kufika unakokwenda. Kwa hiyo ninaporudi kwa Club 8, narudi kwa The Boy Who Couldn't Stop Dreaming ya 2007, ambamo hawajaribu kumwonyesha mtu yeyote kitu kipya. Wanakaa na gitaa, na sauti hiyo inayokaribia kunong'ona, na huzuni isiyotaka kuombewa radhi.

Kwa kupita tu, watakaopenda fidla nyingi na kiitikio kipana wasikilize European ya Sambassadeur, nayo ni ya Labrador na ya mwaka 2010. Wanaopenda sauti mbili za ndugu wakisikiliza First Aid Kit, hasa Ruins ya 2018, watasikia madada waliokuwa wameanza wakiwa wadogo sana wakijifunza kuimba juu ya kuachana bila kuyapamba.

Niende Göteborg, kwa sababu nimewaahidi. Mji huo wa bandari wa magharibi umetoa watu wengi wa muziki huu, akiwemo José González, mtoto wa wazazi waliotoka Argentina, ambaye Veneer yake ya 2003 ina karibu gitaa moja na sauti moja tu, na bado ina unadhifu kuliko albamu za vyombo ishirini. Lakini mtu wa Göteborg ninayetaka kumaliza naye ni Jens Lekman.

Lekman alianza kama kijana anayekusanya vipande vya santuri za zamani na kuvishona pamoja kuwa nyimbo. Night Falls Over Kortedala ya 2007, iliyopewa jina la mtaa aliokuwa akiishi, ndiyo kilele cha njia hiyo: fidla, tarumbeta na ngoma alizoziokota kwenye santuri za watu wengine, na juu yake hadithi ndogondogo kuhusu kinyozi wake au kuhusu rafiki aliyemwomba ajifanye mchumba wake mbele ya baba. Ni albamu ya furaha inayomwagika. Matatizo ya haki za vipande hivyo yalikuja kuifikia, na mwaka 2022 iliondolewa kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni, ikawekwa nyingine iitwayo The Linden Trees Are Still in Blossom, ambamo baadhi ya sehemu zimerekodiwa upya. Nilipoisikiliza mara ya kwanza nilihuzunika. Baadaye nikaona kwamba mtu wa miaka 41 kurudi kuzigusa nyimbo alizozitoa akiwa na miaka 26, na kulazimika kuamua kipi kibaki, ni kazi nzito inayostahili kusikilizwa kwa haki yake.

Hata hivyo, albamu yake ninayoishikilia ni I Know What Love Isn't ya 2012, ambayo wakosoaji wengi waliiona kuwa ndogo. Ilikuja baada ya kuvunjika kwa mapenzi. Amepunguza karibu kila kitu: zile fidla za kumwagika hazipo, kuna piano, saksafoni inayopita kama mtu anayepita barabarani usiku, na masimulizi ya mtu anayejaribu kulielewa pendo kwa kuorodhesha yale ambayo si pendo. Ucheshi wake haujaondoka, ila sasa unafika ukiwa umechelewa, kama unavyofika kwa mtu aliyefiwa.

Inafunguliwa na kipande kifupi cha piano kisicho na maneno, kinachoitwa Every Little Hair Knows Your Name. Msikilizaji wa mara ya kwanza hukichukua kuwa utangulizi na kukisahau. Nyimbo nane baadaye, albamu inapofika mwisho, melodia ileile inarudi kwa jina lilelile, na safari hii Lekman anaiimba.